Pingili Zisivuke Kalungwishi

Mvua za Novemba zikianza kushika, kila kaya kando ya Ziwa Mweru itatafuta mbegu za mihogo. Kabla siku hiyo haijafika, neno letu kwa wakulima wa Chienge, na kwa wote wanaopita kati ya Pweto, Lunchinda, Puta na Kashikishi, ni hili: msibebe pingili. Si kwa baiskeli, si juu ya lori la samaki, si chini ya mizigo ndani ya boti. Hata kama aliyewakatia ni mkwe. Hata kama shamba zilikotoka linapendeza kwa macho. Tena hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

Kuna ugonjwa wa mihogo uitwao michirizi ya kahawia. Mwaka 2017 wataalamu wa ZARI, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Zambia, walikagua mashamba ya mikoa ya kaskazini na kuukuta Chienge na wilaya jirani ya Kaputa. Taarifa ilichapishwa mwaka 2018: ilikuwa mara ya kwanza kwa ugonjwa huo kuthibitishwa Zambia, na virusi vilivyopatikana ni vile vilivyopewa jina la Uganda. Chienge ndiyo mlango. Ng'ambo ya mto Kalungwishi ipo Nchelenge, na baada ya Nchelenge bonde zima la Luapula: Mwansabombwe, Mwense, Mansa, hadi Samfya kwenye Ziwa Bangweulu. Huko kote ubwali wa mihogo ndio chakula. Walunda wa Mwata Kazembe waliuleta mmea huu bondeni kutoka magharibi katika karne ya 18, na kilimo cha watu kikajengwa juu yake.

Kinachotutia hofu zaidi ni namna mihogo inavyohifadhiwa hapa. Mkulima wa mahindi huvuna akajaza ghala. Mkulima wa Luapula huiacha mihogo ardhini mwaka wa pili, hata wa tatu, akachimba kila anapohitaji. Shamba lenyewe ndilo ghala lake. Serikali inapofunga uvuvi, kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, ghala hilo ndilo linalolisha nyumba ya mvuvi. Na michirizi ya kahawia inaharibu mzizi ukiwa bado udongoni, na kadiri mzizi unavyokaa ndivyo uozo unavyoenea. Sehemu za pwani ya Tanzania zilizozoea ugonjwa huu, wakulima walilazimika kuvuna mapema, mihogo ikiwa bado midogo, ili kuuwahi uozo. Kwenye aina za mihogo zinazodhurika haraka, hasara imepimwa kufikia asilimia 70 ya mavuno. Mtu wa Chienge anayetegemea kuchimba kidogokidogo kwa miaka miwili anaweza kukuta amekuwa akitunza takataka.

Wengi watasema, batobato tunaijua, tumeishi nayo. Huu si batobato. Batobato inajitangaza: majani yanajikunja, yanapata mabaka ya njano, mmea unadumaa, na mpita njia anaona. Michirizi ya kahawia ina unafiki. Umanjano wake unafuata vijishipa vya pembeni vya majani ya chini, yale yaliyokomaa ambayo hata hivyo yanakaribia kuanguka. Kiangazi yakishapukutika, hakuna ushahidi. Juu ya shina bichi huweza kutokea mistari ya kahawia, lakini si kila mara. Mmea unasimama mrefu, wa kijani, na jirani anauonea wivu na kuomba mbegu. Chini, mzizi una mabaka makavu ya kahawia, magumu kama kizibo, na pengine umebanwa katikati. Si ule uozo wa maji wenye harufu. Mara nyingi wa kwanza kujua ni mama anayemenya mihogo kandokando ya kidimbwi cha kulowekea, na mara nyingi hulaumu udongo.

Anayeusambaza ugonjwa huu shambani ni nzi mweupe, mdudu wa urefu wa milimita moja hivi anayeruka kwa makundi ukitikisa majani. Ili kuelewa kwa nini dawa na ukali wa muhogo havitoshi kumzuia, inabidi kutazama kinachotokea kati yake na jani, mahali ambapo jicho halifiki.

Muhogo si mmea mnyonge. Ndani ya seli zake umehifadhi kemikali iitwayo linamarini, na kwenye kuta za seli umeweka kimeng'enya cha kuipasua, linamarasi. Ni baruti na kiberiti vilivyotiwa vyumba viwili. Panzi akitafuna jani, panya akiguguna mzizi, kuta zinabomoka, vitu viwili vinakutana, na sianidi inafoka kinywani mwa mlaji. Hiyo ndiyo sumu ambayo mama zetu huiondoa kwa kulowesha mihogo siku kadhaa na kuianika. Hiyo ndiyo sababu wengi wanapenda kupanda mihogo michungu: wanyama waharibifu wanaiacha, na mwizi pia hana haraka nayo. Kutoka hapo watu wamejenga imani kwamba muhogo mchungu hauguswi na mdudu.

Nzi mweupe hatafuni. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, anaupenyeza kati ya seli na seli bila kuzivunja, mpaka afikie mishipa inayoteremsha sukari kutoka majanini. Kuta zinabaki zimesimama, na sumu haipati nafasi ya kuamka. Na ile linamarini anayoinywa pamoja na utomvu? Mwaka 2021 watafiti wa taasisi ya Max Planck iliyoko Jena, Ujerumani, walieleza kwamba mdudu huyu anaibandika sukari za ziada, ikawa haipasuki tena kirahisi. Sianidi kidogo inayoponyoka anaigeuza kuwa kitu kisichomdhuru. Kwa hiyo uchungu wa muhogo unamsumbua binadamu kuliko unavyomsumbua mdudu huyu.

Mwaka huohuo wa 2021 ikatoka habari nyingine, kutoka Beijing, ambayo ilishangaza hata waliozoea mambo ya jeni. Timu ya Youjun Zhang iligundua kwamba nzi weupe wa jamii hii, Bemisia tabaci, wanabeba jeni ya mmea. Si jeni inayofanana na ya mmea, bali ambayo asili yake ni mmea; katika zama za kale ilihama na kuingia ndani ya mdudu. Kazi yake ni kuzima sumu za aina ya fenoli ambazo mimea mingi hutumia kujilinda. Mdudu amechukua dawa ya kujikinga kutoka ghala la adui yake. Watafiti walipotengeneza nyanya zenye uwezo wa kuinyamazisha jeni hiyo, karibu nzi weupe wote waliozila walikufa, na wadudu wengine hawakudhurika. Hilo ni tumaini la maabara. Halitafika Puta kabla ya mvua hizi.

Mmea una ulinzi wa namna mbili unaopigania nafasi. Dhidi ya wanaotafuna, huwasha ishara ya jasmoneti. Dhidi ya vimelea kama virusi na ukungu, huwasha ishara ya asidi ya salisili. Ishara hizi mbili mara nyingi hazipatani: ikipanda moja, nyingine hushuka. Nzi mweupe anatumia ugomvi huo. Utafiti wa mwaka 2007 kwenye mmea mdogo wa maabara, arabidopsisi, ulionyesha kwamba watoto wa nzi weupe wanapofyonza jani, mmea unawasha salisili na kuizima jasmoneti, yaani unazima silaha ile ambayo ingewaumiza kweli. Mwaka 2019 ikaonekana kwenye nyanya jambo la kusikitisha zaidi. Mmea ulioshambuliwa hutoa harufu ya kuwatahadharisha majirani, na nzi mweupe anafanya harufu hiyo itoke na ujumbe usio sahihi. Majirani wanajiandaa kwa adui asiye yeye, na yeye akihamia kwao anakuta mlango wazi. Nasi tunaoandika tahadhari tuna la kujifunza hapo: onyo lisilo sahihi linadhuru kuliko kukaa kimya. Ndiyo maana tunasisitiza lipi hasa la kuogopa.

Maana nzi mweupe peke yake, pamoja na ujanja wake wote, si yeye anayeozesha mzizi. Anabeba virusi. Anavichukua ndani ya dakika tano hadi kumi za kufyonza mmea mgonjwa, lakini haviishi ndani ya mwili wake wala havizaliani humo, na baada ya saa 48 hivi hana tena cha kuambukiza. Virusi vya batobato ni tofauti: vinaingia mwilini mwa mdudu na kukaa naye siku nyingi. Watafiti walipopima shambani umbali ambao nzi weupe waliupeleka ugonjwa wa michirizi kutoka mmea mgonjwa, haukuzidi mita 17. Mita kumi na saba! Huo ni umbali wa nyumba na jiko lake, si wa Kongo na Zambia, wala wa Chienge na Mansa. Basi kila unaposikia ugonjwa umetokea kilomita mia kutoka ulipokuwa, usiitazame hewa. Itazame baiskeli.

Virusi vikishaingia, mmea unajaribu tena. Virusi hivi vimeandikwa kwa herufi takriban 9,000 za RNA, na mmea una vimeng'enya vya kuikatakata RNA ngeni vipande vipande. Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba virusi vya michirizi vina protini, P1, inayoufunga mkono huo wa mmea. Walionyesha pia kwamba vina jeni isiyo ya kawaida kwa virusi vya aina hii, iitwayo HAM1, ambayo utafiti wa baadaye umeihusisha na ule ukahawia wa tishu zinazokufa. Mmea uliofungwa mkono hivyo haupati nafuu. Hakuna sindano, hakuna mbolea, hakuna mvua nzuri itakayoviondoa virusi ndani ya shina. Na kila pingili unayokata kutoka shina hilo inaweza kuondoka navyo. Shina moja linatoa pingili nyingi. Fungu moja la mashina linapanda shamba zima. Shamba hilo mwaka unaofuata linawapa mbegu majirani. Mdudu anasogeza ugonjwa hatua kwa hatua ndani ya shamba, mkono wa mtu unaurusha mikoa.

Historia inasema hivyohivyo. Ugonjwa huu ulielezwa na H. H. Storey mwaka 1936 kutoka kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, Tanzania. Kwa karibu miaka 70 ulihesabiwa kuwa wa pwani na mabonde ya chini, ukionekana kwa nadra juu ya mita 1,000. Mwaka 2004 ukaonekana Uganda, juu ya kiwango hicho, katika nchi ambayo nzi weupe walikuwa wameongezeka kupita kiasi tangu miaka ya 1990. Kisha kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Tanzania, Rwanda, Burundi, mashariki ya Kongo. Ziwa Mweru liko mita 900 na kidogo. Hakuna kilima cha kutulinda.

Mwaka 2017 ulikuwa pia mwaka ambao maelfu ya ndugu zetu kutoka upande wa Pweto, Kongo, walivuka wakikimbia vita, na mwanzoni mwa 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa Nchelenge. Wapo watakaotaka kuunganisha mambo hayo mawili. Wasiunganishe. Mama anayekimbia risasi na mtoto mgongoni hana nafasi ya fungu la mashina, na pingili zimekuwa zikivuka hapa pande zote mbili tangu kabla ya Mzungu kuchora mpaka. Anayemnyooshea mgeni kidole ataendelea kuchukua mbegu kwa shemeji yake wa kijiji cha pili, na hapo ndipo ugonjwa utakapompata.

Sasa kuhusu tiba zinazotajwa vijiweni. Dawa ya kunyunyiza: nzi weupe wanajulikana duniani kote kwa kuzizoea dawa haraka. Watoto wao wamejibandika chini ya jani ambako dawa haifiki vizuri, na wewe unaponyunyiza unaua nyigu wadogo wanaowala. Zaidi ya hayo, mdudu huambukiza baada ya kufyonza muda mfupi tu, kabla dawa haijamwangusha. Na mashamba mengi yanateremkia ziwani. Sumu hiyo itaishia kwenye chisense, samaki wetu wadogo. Tuache.

Wazee watakumbusha kidung'ata cha mihogo cha miaka ya 1980, namna kilivyokausha mashamba Afrika nzima mpaka nyigu mdogo kutoka Paraguay, aliyeletwa na mradi wa Hans Herren, akakimaliza nguvu bila mkulima kutoa hata ngwee. Ni kweli, na kazi ile ilimpatia Herren Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Lakini kidung'ata chenyewe ndicho kilichokuwa madhara. Ukipunguza mdudu, umepona. Hapa hata nzi weupe wachache wanaweza kuambukiza, na shina lililokwisha kuambukizwa halimhitaji mdudu kusafiri. Tusikae tukingoja nyigu.

Kubwa zaidi ni tamaa ya mbegu bora kutoka nchi jirani. Watu wanasikia sifa za Kiroba ya Tanzania, wanataka fungu. Sikilizeni vizuri: kuvumilia ugonjwa si kuukataa. Aina inayovumilia inaweza kuwa na virusi ndani, mizizi yake ikaoza kidogo tu, mwenyewe akafurahi. Ukiipanda kando ya mihogo yetu, Bangweulu au Kapumba au Mweru, nzi mweupe atafanya kazi yake ndani ya zile mita 17, na huenda mihogo yetu haina uvumilivu huo. Aina zinazopigana na virusi kweli zipo. Namikonga, ambayo Wakenya huiita Kaleso, ilizaliwa Amani kwa kuupandisha muhogo na ndugu yake mti wa mpira, na mpaka leo wataalamu wanaitumia kuzalishia mbegu mpya. Wengine wametafuta Amerika Kusini, muhogo ulikotoka, wakapata aina ambazo virusi vinashindwa kuenea ndani yake. Lakini mbegu za namna hiyo zinapaswa kuingia kwa njia ya karantini, zikiwa zimepimwa, si kwa boti ya usiku.

Kwa hiyo msimu huu panda ulichonacho, kutoka shamba lako mwenyewe, na ukichague kwa ukali. Pita shambani sasa, majani ya chini yakiwa bado yapo. Shina lenye umanjano kando ya vijishipa au mistari ya kahawia, liwekee alama na usilikate mbegu. Kwenye mashina yaliyobaki, usichukue pingili kabla ya kung'oa mmea na kukata mizizi yake yote, mmoja mmoja, vipande vipande. Ukiona doa hata moja la kahawia, shina hilo halifai. Njia hii haikamati kila mgonjwa, kwa sababu kuna mimea yenye virusi ambayo mizizi yake bado safi. Lakini inawaacha nje wengi, na inagharimu kisu tu. Shamba jipya liwe mbali na la zamani kadiri ardhi inavyoruhusu. Mimea michanga ikianza kuonyesha dalili miezi ya mwanzo, ing'oe bila huruma. Mmoja ukiachwa utawafundisha wengine.

Anayeona dalili amwite ofisa kilimo wa kambi yake, naye apeleke sampuli ZARI, Mansa. Mwenye simu ya kisasa anaweza kuanza na Nuru, programu ya bure inayotazama jani la muhogo kwa kamera na kukisia ugonjwa. Si hakimu, lakini ni msaada kwa mtu aliye mbali na ofisi. Machifu na wenyeviti wa vijiji tunawaomba jambo gumu kidogo: watu wasione aibu kusema shamba lao linaumwa. Anayeficha anafanya hivyo kwa kuogopa kuonekana mvivu au amerogwa.

Biashara haihitaji kusimama. Mihogo mikavu ivuke, unga uvuke, mizizi mibichi ya kula iuzwe Kashikishi kama kawaida, bila kipande cha shina. Majani ya sombe, au katapa kama wanavyosema wengine, ni afadhali yatwangwe nyumbani kabla ya kupakiwa, kwa kuwa watoto wa nzi weupe wamejibandika chini yake. Na njaa ikibana kwa sababu ya mizizi iliyoharibika, mtu asifupishe siku za kulowesha ili kula haraka. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, wakati wa ukame, sianidi iliyobaki ndani ya mihogo iliwapooza miguu zaidi ya watu elfu moja, wengi wao wanawake na watoto.

Mzizi ulioanza kuharibika ukatwe sehemu ya kahawia. Iliyobaki nyeupe inaliwa. Shina lake lichomwe siku hiyohiyo, kabla jirani hajaliomba.